Kusoma kwa Taratibu Wakati wa Joto na wa Masika

Somo kwa wanafunzi, wazazi na wainjilisti wa sharika za Kinondoni, Temeke na pande za kandokando ya jiji

Masomo ya kutangulia: Danieli 6:10, Matendo ya Mitume 8:26-40, 2 Timotheo 4:9-21.



Kila mwaka, mwezi wa Januari uingiapo, watu wengi katika sharika zetu hununua madaftari mapya. Wako vijana wa kidato cha sita, ambao mtihani wao kwa miaka hii ya karibuni hufanywa mwezi wa Mei. Wako watahiniwa wa kujitegemea, wasio na shule wala kengele ya kuwaita darasani, nao wajiweka tayari kwa mtihani wa kidato cha nne wa mwezi wa Novemba. Wako watu wazima wenye kazi na jamaa, wasomao katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho sheria yake ilipitishwa na Bunge mwaka 1992 na makao yake yako hapa Kinondoni. Wako na wainjilisti wetu, ambao mchana huzunguka mtaani kuwatazama wagonjwa, na usiku hufungua vitabu vya mafundisho yao.

Hao wote huanza kwa moyo. Lakini joto la kaskazi huja, kisha masika hunyesha, na ifikapo Pasaka madaftari mengi yamekwisha kufungwa. Hatusemi hivi kwa kuwadharau. Twasema kwa kuwa twawajua, na kwa kuwa hasara yake ni kubwa. Mtu aachaye kusoma katikati ya safari hapotezi ada tu. Hupoteza na tumaini lake, akaanza kujiambia kwamba akili hana, kumbe akili anazo, ila alikosa taratibu. Tena aliyekosa taratibu ndiye wanayemwinda wale wadanganyifu wanaouza karatasi za uongo na kusema, Huu ndio mtihani wenyewe. Mwenye kusoma kidogo kila siku hana haja ya kuwasikiliza. Aliyefikia siku za mwisho mikono mitupu, huyo masikio yake yako wazi.

Basi mwezi huu twataka kuangalia pamoja namna mtu awezavyo kuushika moyo wake na vitabu vyake katika miezi hii migumu, tangu Januari mpaka mwisho wa Mei.

1. Kuujua wakati

Mtume Paulo alipokuwa amefungwa alimwandikia Timotheo barua. Katika barua ile, pamoja na mambo makubwa ya imani, aliagiza vitu vidogo: joho alilokuwa ameliacha Troa kwa Karpo, na vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Tena alimhimiza aje kabla ya wakati wa baridi. Tazameni jinsi alivyokuwa mtu wa mpango! Aliujua wakati uliokuwa ukija, akajua atahitaji nini, akaagiza mapema. Hata kifungoni hakutaka kukaa pasipo kitabu.

Sisi watu wa Pwani hatuna baridi ya namna ile, lakini tunazo nyakati zetu, nazo hazitudanganyi. Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi, na katika miezi hiyo joto la mchana hapa Dar es Salaam hupita digrii 30 mara nyingi. Masika huanza katika Machi na kuendelea mpaka Mei. Kisha huja kusi na siku za ubaridi, Juni mpaka Agosti. Nahodha wa jahazi aliyezijua pepo hizi hakung'oa nanga siku yo yote apendayo. Aliungoja upepo wake, akapakia shehena kabla haujafika.

Basi mwanafunzi naye afanye vivyo hivyo. Miezi ya Januari na Februari ina joto, lakini barabara ni kavu na safari hazivunjiki. Huo ndio wakati wa kwenda maktaba, kumtafuta mwalimu, kuazima vitabu na kunakili yasiyopatikana nyumbani. Machi mpaka Mei mvua huzuia miguu. Maji hujaa bondeni mwa Msimbazi, njia ya Jangwani hufungwa, na vichochoro vya Tandale na vya Mbagala huwa matope. Mafuriko ya Desemba 2011 yalitufundisha sote: watu wengi walikufa, na jamaa nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Asiyekusanya vitabu vyake wakati wa ukavu atajikuta katika masika amefungiwa nyumbani pamoja na daftari tupu. Lakini aliyekusanya mapema, mvua hiyo hiyo itamfaa, maana nje hakuendeki, na nyumbani ana kazi ya kufanya.

Tena vitabu na madaftari yasiwekwe chini sakafuni. Yafungwe katika mfuko wa nailoni, yawekwe juu ya kabati au yatundikwe ukutani. Hili ni neno dogo, lakini maji ya usiku mmoja yaweza kuharibu kazi ya mwaka.

2. Kuipanga siku

Danieli alikuwa mtu wa kazi nyingi katika ufalme wa wageni. Hata hivyo twasoma kwamba alipiga magoti mara tatu kila siku, katika chumba kile kile, kama alivyozoea tangu zamani. Hakungoja mpaka moyo umsukume. Saa ilipofika, alipanda chumbani. Na siku ilipokuja amri ya kumkataza, mazoea yale yalimchukua kama mtumbwi umchukuavyo mtu mtoni.

Mwanafunzi anahitaji mazoea ya namna hiyo. Asiseme, Nitasoma nikipata nafasi. Katika nyumba zetu nafasi haipatikani; sharti itengwe. Na kila mtu aitafute saa yake kwa kadiri ya maisha yake. Kwa wengi saa njema ni alfajiri, tangu saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili, kabla jua halijapasha bati. Wakati ule nyumba imepoa, muziki wa jirani umenyamaza, na akili imekwisha kupumzika. Lakini mtu wa Mbagala au wa Bunju apaswaye kuwa kituoni saa kumi na moja ili awahi kazini mjini, huyo hana alfajiri. Na apate saa yake usiku, baada ya kuoga na kula, au abaki mjini nusu saa baada ya kazi, mahali palipotulia, ndipo apande gari.

Na tufanye hesabu kidogo. Tangu mwanzo wa Januari mpaka katikati ya Mei ni majuma 20 hivi. Mtu asomaye saa 1 kwa siku, siku 6 za juma, akipumzika siku ya Bwana, atapata saa 120. Mwenzake akilala mpaka mwezi wa mwisho, kisha asome saa 4 kila siku kwa siku 30, naye atapata saa 120. Kwa hesabu ni sawa, lakini kwa faida si sawa hata kidogo, nasi tutaonyesha sababu yake hapo mbele. Wazee wetu waliijua kabla ya wataalamu: haba na haba hujaza kibaba.

Mpango wa juma uandikwe Jumamosi jioni katika karatasi moja, ubandikwe ukutani mahali ambapo jamaa wote wauona. Usiandikwe "hesabu" tu au "historia" tu, kwa maana maneno hayo ni mapana kama bahari. Iandikwe kazi yenyewe: maswali kumi ya hesabu, ukurasa huu mpaka huu. Kila kazi imalizikapo ipigiwe mstari. Na isiyomalizika isiachwe ikapotea. Ihamishiwe siku nyingine, na ipewe saa yake. Tena iachwe siku moja katika juma pasipo kazi mpya, iwe ya kulipa madeni ya siku zilizovunjika. Mpango usio na nafasi ya ugonjwa, ya msiba wala ya wageni, si mpango wa mtu aishiye Temeke.

3. Mahali pa kusoma

Wengi wetu hukaa katika nyumba za kupanga, jamaa nzima katika chumba kimoja au viwili. Bati huwaka tangu saa nne mchana, na joto lake hubaki ndani mpaka usiku mwingi. Nje kuna baa, kuna kigodoro, kuna watoto na wauza maji. Kumwambia kijana wa nyumba kama hiyo asome mahali pa utulivu ni kama kumwambia mwenye njaa akale, bila kumwonyesha chakula kilipo.

Lakini tazameni, katika kila mtaa wa usharika kuna jengo moja kubwa, lenye paa la juu, madirisha mapana na mabenchi mengi, nalo hukaa tupu jioni nyingi za juma. Jengo hilo ni kanisa. Twawasihi wazee wa sharika zetu wafikiri juu ya neno hili. Taa nne, meza chache, mzee mmoja wa kukaa mlangoni, na jioni tatu za juma zilizotengwa, vyatosha kuwapa vijana ishirini au thelathini mahali pa kusomea. Gharama ya umeme si kubwa kuliko gharama ya vijana waliopotea. Wala wasiitwe watoto wa Walutheri peke yao. Jirani yetu Mwislamu ambaye mtoto wake anafanya mtihani huo huo naye akaribishwe pasipo sharti lo lote.

Tena yuko mtu mmoja katika Maandiko aliyesoma njiani. Yule towashi wa Kushi, mtunza hazina, alikuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu, ameketi garini, anasoma kitabu cha nabii Isaya. Alisoma kwa sauti, maana Filipo alimsikia. Wasomaji wetu wengi hutumia saa mbili au zaidi kila siku katika daladala. Twajua kwamba mtu aliyesimama, ameshika bomba kwa mkono mmoja na mfuko kwa mwingine, hawezi kufungua kitabu. Lakini aweza kuandika mambo matano katika kipande cha karatasi kabla hajatoka nyumbani, kisha garini ajiulize moyoni, Neno la kwanza lilikuwa nini? La pili je? Na asipokumbuka, atazame. Akifika Kariakoo amekwisha kujifunza.

Tusisahau na sehemu ya pili ya habari ile. Towashi alipoulizwa kama ayaelewa asomayo, hakujifanya mjuzi. Alikiri kwamba hawezi mpaka apate mtu wa kumwongoza, akamkaribisha Filipo aketi pamoja naye. Msomaji wa kujitegemea asijitegemee kupita kiasi. Na watafutane watu watatu au wanne wenye mtihani mmoja, wakutane mara moja kwa juma, kila mmoja amfundishe mwenzake sehemu yake. Mtu hujua kweli kwamba ameelewa siku ile anapomweleza mwingine naye akaelewa.

4. Namna ya kusoma

Daktari Martin Luther alipotoa Katekismo Ndogo mwaka 1529, aliwaandikia wachungaji dibaji na kuwaonyesha namna ya kufundisha. Kwanza watu wajifunze maneno yenyewe, kwa namna moja isiyobadilishwa-badilishwa. Wakiisha kuyashika, wafundishwe maana yake. Na baada ya hayo ndipo waendelee na mafundisho marefu zaidi. Aliwaonya wasishike yote mara moja, bali neno moja baada ya jingine. Kila mwinjilisti aliyefundisha Kipaimara aijua njia hii, lakini si wengi wanaokumbuka kuitumia katika masomo yao wenyewe.

Sasa tutimize ahadi yetu ya hapo juu. Mwaka 1885 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya kukumbuka na kusahau. Alijijaribu mwenyewe kwa miaka, akijifunza kwa moyo safu za silabi zisizo na maana, kisha akipima amesahau kiasi gani. Akaona kwamba usahaulifu hauendi polepole kama tudhanivyo. Sehemu kubwa hupotea mapema, katika saa za kwanza na siku ya kwanza. Kisha kinachobaki hupungua kidogo kidogo. Akaona neno la pili. Safu aliyohitaji kuirudia mara 68 kwa siku moja ili aishike, aliposambaza marudio kwa siku tatu, mara 38 zilimtosha. Ndiyo sababu zile saa 120 za mtu wa kila siku hazilingani na saa 120 za mtu wa mwezi wa mwisho.

Basi tufanye hivi. Ulichosoma leo, ukipitie kidogo kesho kabla hujaanza kipya. Ukipitie tena baada ya juma, na tena baada ya mwezi. Na kukipitia si kukitazama tu. Wengi husoma ukurasa mara tano, macho yakauzoea, wakadhani wameujua. Funika kitabu, chukua karatasi, andika yote uliyoyashika, kisha fungua ujisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Katika dakika zile za shida, unapojikuna kichwa na kutafuta jibu, ndipo neno linapotia mizizi. Ifanyeni na mitihani ya miaka iliyopita kwa namna hiyo hiyo, mkiwa na saa mbele yenu na kitabu kimefungwa.

Tena somo gumu lipewe saa njema. Tabia yetu wanadamu ni kuanza na lile tulipendalo, na kuliacha lile tuliogopalo mpaka usingizi umekuja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ainame mapema, mgongo ungali na nguvu.

5. Kuukusanya moyo

Adui wa joto twamjua, na adui wa mvua twamjua. Yuko wa tatu, naye tumembeba mfukoni. Hatuwezi kusema simu ni mbaya, maana kwa hiyo vijana wetu hupata vitabu, maswali na hata walimu walio mbali. Lakini simu ile ile hulia, na kila iliapo mwanafunzi huacha mstari wake. Aurudiapo, hakumbuki alikuwa wapi. Hivyo saa yake moja hugeuka kuwa vipande vya dakika tatu tatu. Mshika mbili moja humponyoka.

Dawa yake si kuitupa. Na iwekwe chumba kingine, au apewe mama aishike, kwa muda wa dakika 40 au 50. Kisha mtu apumzike dakika 10, anywe maji, anyoshe miguu, atazame ujumbe wake kama kuna wa haja, ndipo arudi. Mwenye kusomea ndani ya simu aizimie mtandao baada ya kupakua anachokihitaji. Na katika pembe ya daftari iwepo karatasi ya mawazo: mtu akikumbuka deni la duka au nguo za kufua, aliandike pale, aendelee kusoma. Wazo lililoandikwa hunyamaza.

Mwaka 1521 Luther alifichwa katika ngome ya Wartburg, kwa kuwa maisha yake yalikuwa hatarini. Alikuwa mpweke, mara nyingi mgonjwa, na moyo wake ulisumbuliwa sana. Hata hivyo, alipoanza kulifasiri Agano Jipya mwishoni mwa mwaka ule, aliimaliza rasimu yake kwa majuma kama 11, kisha akaipitia tena pamoja na Philipp Melanchthon, na kitabu kikachapwa Septemba 1522. Hakuwa na siku nzuri kuliko zetu. Alikuwa na kazi moja mbele yake, akaishika.

Na hapa kwetu, Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka ule ule alimzika mkewe na mtoto wao mchanga, naye mwenyewe akiwa na homa. Lakini aliendelea kukusanya maneno ya Kiswahili, neno baada ya neno. Kamusi yake ilichapwa mwaka 1882, baada ya yeye mwenyewe kufariki. Hatuwatakii ninyi machungu kama yale, wala hatusemi mtu aliyefiwa asilie. Twasema tu kwamba kazi kubwa hujengwa kwa siku ndogo.

6. Kuutunza mwili

Elia alipochoka na kuomba afe, malaika hakuanza kumhubiri. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Hii ndiyo habari ya 1 Wafalme 19, nayo yatufaa sisi tudhanio kwamba kukesha ni bidii. Katika usingizi akili huyapanga yale iliyoyapokea mchana. Akeshaye kila usiku huvuna jioni na kumwaga alfajiri. Kijana apate saa zipatazo 8 za kulala, na usiku wa kuamkia mtihani asiuharibu.

Wakati wa joto mtu hupoteza maji mengi kwa jasho, akaumwa kichwa, akadhani somo limemshinda. Awe na chupa ya maji yaliyochemshwa karibu naye. Tena ajihadhari na mbu. Yule aletaye malaria huuma usiku, basi chandarua kisikosekane. Lakini mbu wa homa ya dengue, iliyolisumbua jiji letu mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni, saa zile zile ambazo wanafunzi wetu hukaa barazani na vitabu. Wavae nguo za kufunika miguu, na makopo yenye maji kandokando ya nyumba yamwagwe.

7. Wajibu wa jamaa na wa usharika

Sasa twataka kusema neno na sisi viongozi. Kijana mwenye moyo wa utumishi huitwa kila mahali: kwaya jioni mbili au tatu, umoja wa vijana jioni nyingine, mkesha Ijumaa, usafi Jumamosi, na Jumapili kutwa. Twafurahi kwamba waja. Lakini mwezi wa Aprili kijana wa kidato cha sita akiomba ruhusa asije mazoezini, asitazamwe kama aliyerudi nyuma. Mtu hamtumikii Mungu kwa kuimba tu. Luther alitufundisha kwamba kila kazi halali ya mtu ni wito, na kwa mwanafunzi wito wake ni kusoma. Walimu wa kwaya na waandike majina ya watahiniwa wao tangu Januari, wawape nafasi, na kuwaombea kwa majina.

Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani wajenge shule. Wazazi wa wakati ule walilalamika, kama wa leo, kwamba watoto wahitajika kwa kazi za nyumbani. Akajibu kwamba kijana aweza kwenda shule saa moja au mbili kwa siku na saa zilizobaki akafanya kazi na kujifunza ufundi, na msichana naye aweza kupata saa yake. Hakutaka kazi iache kufanywa, ila hakukubali kwamba kazi ile ile inyime mtoto kitabu. Basi mzazi wa Tandika au Mwananyamala anayemtuma binti yake kuuza maandazi asubuhi, kuchota maji mchana na kupika jioni, huku kaka yake ameketi na kitabu, na ajiulize kama amegawanya kwa haki.

Tena mwezi wa Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa ajili ya kupata mimba wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua. Mlango ukafunguka. Lakini tumfikirie binti wa namna hiyo: mchana yuko darasani, jioni mtoto analia, usiku ana kitabu mkononi na aibu ya maneno ya majirani masikioni. Taratibu zote tulizoandika hapo juu hazitamfaa kitu, asipopatikana mtu wa kumshika mtoto saa moja. Enyi mama wa Umoja wa Wanawake, saa hiyo moja ni diakonia ya kweli. Tusiwe wepesi wa kumtenga na wazito wa kumsaidia.

8. Neno la mwisho

Mwaka 1539 Luther aliandika kwamba mambo matatu humfanya mtu kuwa mwanatheolojia: sala, kutafakari, na majaribu. Twaamini kila msomaji Mkristo aweza kuyachukua. Aanze kwa sala fupi, atafakari kwa kurudia-rudia, na majaribu yajapo, joto, mvua, kelele na kuchoka, asiyahesabu kuwa ishara ya kukataliwa.

Wala mtu asiufanye mtihani kuwa mungu wake. Sisi hatuhesabiwi haki kwa alama za karatasi, bali kwa neema, kwa njia ya imani katika Yesu Kristo. Aliyebatizwa akifaulu ni mtoto wa Mungu, na akianguka ni mtoto wa Mungu yule yule. Ajuaye hivi husoma pasipo hofu, hana haja ya kununua karatasi za wizi, na akianguka huweza kuinuka na kujiandikisha tena. Lakini neema si mto wa kulalia. Kwa kuwa tumekwisha kupendwa, tuna nguvu ya kuamka alfajiri.

Mwenyezi Mungu awabariki wanafunzi wetu wote, awape akili tulivu na mwili wenye afya, na jamaa wenye huruma. Amina.

Maswali ya kuulizana katika vikundi

1. Paulo aliagiza nini kabla ya wakati wa baridi? Wewe wapaswa kukusanya nini kabla ya masika?
2. Saa yako ya kusoma ni ipi? Ni nani nyumbani anayeijua na kuilinda?
3. Kwa nini saa 120 zilizogawanywa katika majuma 20 zafaa kuliko saa 120 za mwezi mmoja?
4. Je, jengo la kanisa katika mtaa wenu laweza kufunguliwa jioni kwa wasomaji? Ni nani atakayekaa mlangoni?
5. Yuko binti au mama katika usharika wenu anayeshindwa kusoma kwa kukosa mtu wa kumshika mtoto? Mtamwendea lini?
6. Mtu aliyeanguka mtihani mwaka jana, mlimwambia nini? Kama hamkumwambia neno, mtamwambia nini Jumapili hii?